Uzoefu na Mazoea katika Mchezo wa Undertale

Wako wasomi wadhanio ya kuwa mchezo wa kompyuta ni kitu cha kupitishia wakati, wala haustahili jicho la mhakiki. Sina nia ya kubishana nao kwa maneno ya jumla. Nachukua mchezo mmoja tu, Undertale, uliotolewa mwaka 2015 na Toby Fox wa Marekani, niuchungue kama tuchunguzavyo hadithi yoyote iliyotungwa kwa makini. Fox alitunga kisa na muziki, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki aliifanya kwa mkono wake, akisaidiwa na Temmie Chang katika michoro. Fedha alichangiwa na watu mbalimbali mwaka 2013, nazo zikafika dola 51,124.

Kazi hii haieleweki bila nasaba yake. Katika miaka ya 1990 mashine za biti 16, kama Super Famicom ya Japani ambayo Marekani iliitwa Super Nintendo, zilistawisha michezo ya kisa ambayo ndani yake mchezaji huvaa nafsi ya shujaa, husafiri, huzungumza na watu na hupigana kwa zamu. Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: uuapo adui wapata alama za uzoefu, alama zikitosha wapanda daraja, na daraja likipanda waongezewa nguvu ya kuua zaidi. Mchezaji aliyeshindwa na adui mkubwa alijua la kufanya. Alirudi porini, akazunguka, akaua viumbe vidogo saa nzima, kisha akajaribu tena. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa bidii, na bidii ni sifa njema.

Undertale yachukua kanuni hiyo na kuiuliza maana yake. Mtoto wa binadamu aanguka shimoni mlimani, akajikuta katika nchi ya mazimwi waliofungiwa chini ya ardhi baada ya vita na wanadamu. (Nawaita mazimwi kwa kukosa neno jingine, zimwi wa ngano zetu hula watu bila haya, na hawa wengi wao wana haya kuliko watu.) Kila akutanapo na mmoja, mchezaji aweza kumpiga, au kutenda naye jambo jingine, kama kumsifu, kumchekesha au kumpapasa, na mwishowe kumwachilia. Amwachiliaye adui hapati alama hata moja. Mwenye huruma hubaki katika daraja la kwanza, na uhai wake ni 20 tu toka mwanzo mpaka mwisho, ilhali maadui wa mbele wazidi ukali.

Karibu na mwisho wa safari, katika ukumbi mrefu wenye nguzo, kiunzi cha mifupa aitwaye Sans humsimamisha mchezaji. Hapo ndipo tunapoambiwa ya kuwa herufi EXP, tulizozisoma siku zote kuwa ni kifupi cha uzoefu, kumbe ni hesabu ya maumivu tuliyowatia wengine. Na ya kuwa neno LOVE, ambalo kila ajuaye Kiingereza hulisoma kuwa upendo, ni kifupi cha kiwango cha ukatili. Sans aongeza ya kuwa kadiri mtu auavyo, ndivyo iwavyo rahisi kwake kujitenga na alitendalo. Kwa Kiingereza Fox alihitaji hila ya vifupisho ili aseme hayo. Kwetu sisi neno lenyewe lasema. Uzoefu watoka katika kuzoea, na humo humo ndimo yatokamo mazoea. Mchezaji wa michezo ya zamani alipata uzoefu wa kuua, maana yake alizoea kuua, na aliyezoea haoni tena.

Kwa sababu hiyo nadhani sehemu iliyo bora katika kazi hii ni njia yake mbaya kuliko zote. Mchezaji atakaye kuwaangamiza mazimwi wote hawezi kufanya hivyo kwa hasira ya ghafla. Hana budi kuzunguka kila eneo akiwatafuta. Katika eneo la kwanza ni lazima aue 20, mpaka aingiapo vitani asikute mtu wa kupigana naye. Muziki wapungua mwendo. Mji wa theluji, ambao kwa njia nyingine una wachekeshaji na duka, autazama ukiwa mtupu, wenyewe wamekimbia. Uovu huu si wa tamaa wala wa kisasi, ni kazi ya kuchosha. Ni bidii ile ile tuliyosifiwa mwaka 1994, na Fox hakuigeuza hata kidogo. Aliiondolea shangwe tu, tukaiona.

Yasemwa mara nyingi ya kuwa huruma katika michezo ya namna hii ilianza na Undertale. Si kweli. Katika Shin Megami Tensei ya mwaka 1992 mchezaji huzungumza na mashetani na kuwafanya wenzake. Katika EarthBound, iliyotoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, adui wa mwisho hushindwa kwa maombi. Mfano ulio karibu zaidi ni Chrono Trigger ya mwaka 1995. Humo shujaa hushtakiwa mahakamani, na mashahidi hutaja vitendo vidogo alivyovifanya sokoni bila kufikiri, kama kula chakula cha mzee au kumrudishia mtoto paka wake. Ni jambo la werevu mkubwa. Lakini aonekane ana hatia au hana, shujaa huishia gerezani, na kisa chaendelea kama kilivyokusudiwa. Mahakama ile ilikumbuka, ila kumbukumbu yake haikubadili kitu.

Undertale hukumbuka kwa namna nyingine. Toriel, mama mwenye sura ya mbuzi anayemlea mtoto katika magofu ya mwanzo, humzuia asiondoke, na vita huanza. Maneno hayamsaidii mchezaji. Njia pekee ya kumnusuru ni kukataa kumpiga, mara nyingi mno, hata uhai wako ukikaribia kwisha. Hapo miale yake ya moto huanza kukukwepa. Wengi hawana subira hiyo. Humpiga kidogo kwa nia ya kumdhoofisha tu, kisha pigo moja la ghafla lamwua. Mchezaji aliyetahayari hurudi alipohifadhi mchezo, akaanza upya na kumwokoa. Ndipo ua lenye uso, aitwaye Flowey, humcheka na kumwambia ya kuwa ajua alichokifanya. Msomaji wa utenzi wa vita hana damu mikononi kwa kufungua ukurasa. Hapa mkono ni wako, na kuufuta ukurasa hakukufichi.

Kasoro ipo, nayo si michoro, ingawa picha zake za vita, nyeupe juu ya weusi, zaonekana kongwe kuliko hata mashine zile za biti 16. Kasoro ni wepesi wa mioyo. Karibu kila zimwi ni mwema akibembelezwa kwa vitendo vilivyo sahihi, hata huruma yawa kama kitendawili: ukipata jibu, adui amekuwa rafiki. Adui abakiaye adui, ambaye kumsamehe hakutampatia mchezaji faida yoyote, ni mmoja tu, Flowey, ambaye mchezaji aweza kumwacha hai katika mwisho wa kawaida hali akilaumiwa kwa upumbavu wake. Sehemu hiyo ni fupi mno. Mwisho wa amani, ambao wapenzi wa mchezo huusifu zaidi, waniona baridi. Wote wapatana, wote watoka juani, na mtungaji aliyekuwa mkali kwa saa nyingi ageuka mgawa zawadi.

Hata hivyo ameuwekea ulinzi mwisho huo. Aliyekwisha kuwaangamiza wote huikuta nchi imefutika, kioo cheusi na sauti ya upepo. Akingoja dakika 10 huulizwa kama atatoa roho yake ili nchi irudi. Akikubali, yarudi, na aweza kutenda wema wote hata wa mwisho; lakini katika picha ya furaha ya kufungia, nyuso za rafiki zake zimefutwa.