Chipu Iliyokufa Si Ugonjwa: Namna ya Kufufua ZX Spectrum

Washa ZX Spectrum nzima, ile ya kilobaiti 48, uikazie macho televisheni. Kabla ya maneno ya hakimiliki ya mwaka 1982 kutokea chini ya kioo, kioo huwa cheusi kwa muda mfupi, na juu ya weusi huo hujitokeza mistari 32 myembamba, myekundu, iliyosimama wima. Wengi hudhani ni mtikisiko wa umeme tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya mashine hii ya Sinclair, kwani hapo kompyuta inajipima mbele ya macho yako, na fundi anayejua kuisoma mistari ile hana haja ya kubahatisha.

Kinachotokea ni hiki. Programu iliyomo kwenye ROM ya kilobaiti 16 huanza kwa kuupaka ukingo wa kioo rangi nyeupe. Kisha huandika namba 2 katika kila baiti ya kumbukumbu, ikianzia juu kabisa, anwani 65535, na kushuka hadi 16384. Picha ya kioo nayo hukaa humohumo, kuanzia 16384: baiti 6144 za nukta na 768 za rangi. Namba 2 ikifika kwenye nukta, huwasha moja katika kila nane. Ikifika kwenye rangi, maana yake ni wino mwekundu juu ya karatasi nyeusi. Mistari yetu ndiyo hiyo. Baada ya hapo programu hupanda kutoka chini, ikipunguza kila baiti mara mbili, 2 iwe 1, 1 iwe 0. Isipokuta inachotarajia, husimama na kuchukulia kwamba kumbukumbu imeishia hapo.

Sasa tuseme mashine ni mbovu: ukingo mweupe, na katikati mistari imeganda, haiondoki. Tayari unajua mengi. Prosesa ya Z80 inafanya kazi, ROM inasomeka, na ULA, ile chipu ya Ferranti inayochora picha, iko hai. Mashaka yanabaki kwenye kumbukumbu ya chini. Kilobaiti zake 16 zimegawanywa kwenye chipu 8 za aina ya 4116, kila chipu ikishika biti moja ya kila baiti. Kwa hiyo mahali mstari ulipo ndani ya nukta nane panakuelekeza kwenye chipu yenyewe.

Kumbukumbu ya juu haina kelele kama hiyo. Ikiharibika, mashine huwaka vizuri kabisa, ila imejigeuza kimyakimya kuwa ya kilobaiti 16. Andika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Jibu likiwa 65535, kumbukumbu yote imeonekana; likiwa 32767, kumbukumbu ya juu imekataa tangu baiti yake ya kwanza.

Hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Wakishaijua chipu mbovu, huing'oa, huchomelea nyingine, hufurahi, kisha mpya nayo inakufa. Chipu ile ilikuwa imeuawa, na aliyeiua bado yumo ndani ya bodi.

4116 hutaka umeme wa namna tatu: volti 5, volti 12 na volti hasi 5. Adapta huleta volti 9 tu. Volti 5 hutoka kwenye regileta ya 7805. Zile nyingine mbili huzalishwa na saketi ndogo yenye koili na transista mbili, TR4 na TR5. TR4 ikiungua, volti hasi 5 hupotea, na 4116 inayopata volti 12 bila hiyo hasi 5 huharibika. Na kinyume chake ni kweli: chipu yenye shoti ndani huuelemea mkondo wa volti 12 mpaka TR4 inaungua. Ukitibu upande mmoja, upande wa pili unakurudishia ugonjwa.

Mpangilio wangu ni huu, na siuvunji. Chipu mbovu inatoka na mahali pake inaingia soketi, ikiwa bado tupu. TR4 inabadilishwa hata kama inaonekana nzima, maana bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara. Kapasita za elektroliti, zenye umri wa miaka 40, nazo zinatoka. Ndipo nawasha na kupima kwenye soketi: mguu wa 1 usome hasi 5, wa 8 usome 12, wa 9 usome 5, na wa 16 ndio ardhi. Chipu haiingii mpaka namba zote ziwe sawa. Angalia pia adapta: ncha ya katikati ya plagi ya Spectrum ni hasi, kinyume na adapta nyingi za leo, na kuichomeka visivyo ni njia ya haraka ya kuiua TR4.

Kuboresha ni kazi nyepesi zaidi. Televisheni nyingi mpya hazipokei vizuri mawimbi ya analogi ya UHF, kwa hiyo waya wa picha unaoingia kwenye kisanduku cha mawimbi huunganishwa moja kwa moja na tundu la kutolea picha. Regileta ya 7805, inayounguza umeme mwingi kuwa joto, hubadilishwa na ya kisasa isiyochemka. Kumbukumbu ya juu ina habari yake: Sinclair alinunua chipu za kilobiti 64 zenye nusu moja mbovu, akatumia nusu nzima, na waya mdogo kwenye bodi huchagua nusu ipi isomwe. Leo unaweza kuweka 4164 kamili.

Ila kinachonivutia zaidi ni kuandika programu ya kupima mashine ambayo kumbukumbu yake haiaminiki. Programu huchomwa kwenye EPROM, huchomekwa nyuma ya mashine, na ROM ya ndani huzimwa kupitia waya wa ROMCS. Huwezi kutumia CALL, kwa kuwa CALL huhifadhi anwani ya kurudia kwenye kumbukumbu ileile unayoishuku. Basi anwani hiyo unaiweka kwenye rejista ya IX, na kurudi ni JP (IX). Matokeo nayo yasipitie kwenye kioo. Yapeleke kwenye mlango 254, ambako biti tatu za mwanzo hupaka ukingo rangi na biti ya 4 hupiga spika. Kipimo chenyewe ni rahisi: kwenye kila baiti ya kumbukumbu andika 85, soma. Andika 170, soma. Na kati ya kuandika na kusoma, subiri kidogo. 4116 ina safu 128 zinazopaswa kuhuishwa kila milisekunde 2, na chipu inayovuja chaji hufaulu ikisomwa papo hapo, kisha huanguka ikicheleweshwa.