Siri ya kazi isigeuzwe kuwa kufuli ya mudomo

Wandugu, tuongee wazi. Sheria n° 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayopanga kazi ya watu wa leta, inawaomba walinde siri ya kazi. Hapo hakuna shida. Muganga hawezi kutembeza jina la mugonjwa wake sokoni. Shida inaanza pale mukubwa wa ofisi anafunika na hiyo siri kila kitu: kosa lake, uvivu wake, hata mufuko wake.

Siye wa Uvira tunajua bei ya kunyamaza. Mwezi wa 4 mwaka 2020 Mulongwe ilifurika, ikaua watu na kubomoa manyumba mengi. Kolera nayo haituachi. Mwenye kuona hatari wa kwanza ni nani? Ni infirmiye, ni mutu wa Regideso. Akingoja ruhusa ya mukubwa ndiyo aseme maji ni machafu, watoto wamekwisha kuyanywa.

Katiba ya 2006, kifungu cha 23, inampa kila mutu haki ya kusema mawazo yake, akiheshimu sheria. Haikuandika «kila mutu, isipokuwa wa leta».

Kuna wenye kusema: basi tuwapime na mashini ya kutambua uongo. Marekani walijaribu. Mwaka 1983 Reagan alitoa agizo la kuwabana wafanyakazi kwa kipimo hicho na kwa kukagua maandiko yao. Bunge likapinga, sehemu hizo zikasimamishwa. Na Aldrich Ames wa CIA alipita kipimo mwaka 1986 na 1991, huku akiuzia Warusi siri. Mashini inapima moyo, pumzi na jasho. Mutu wa kweli mwenye woga anaanguka, mwongo mwenye moyo baridi anapita.

Kwetu hakuhitajiki hata mashini. Gradi Koko na Navy Malela, waliotoa makaratasi ya benki yao, walihukumiwa kifo Kinshasa mwaka 2020 bila wao kuwepo. Hao walikuwa wa benki ya kibinafsi. Fonksionere wa Kavimvira, mwenye kungojea mushahara kila mwezi, atathubutu kweli?

Njo maana tudai mambo mawili: sheria itaje wazi ni nini siri, na imulinde anayefichua hatari ao wizi. Wengi wetu tunatafuta kazi ya leta. Tuidai sasa, mbele ya kusaini mukataba.