Darasa zima lilipopandishwa siku moja

Mashabiki wa Yanga wameijua ASEC Mimosas kwa miguu ya Stephane Aziz Ki, aliyetua Jangwani mwaka 2022, na ya Pacôme Zouzoua aliyemfuata mwaka mmoja baadaye. Waliokula chumvi nyingi wanaijua tangu 1998, Yanga ilipoingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kupangwa na ASEC, Raja Casablanca na Manning Rangers ya Afrika Kusini. Yanga ilimaliza mkiani. ASEC ilisonga hadi fainali, ikatoka suluhu na Dynamos jijini Harare, kisha Desemba ikaichapa 4-2 Abidjan na kuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza.

Klabu ikishatwaa kombe kama hilo, kawaida huongeza mastaa. ASEC iliwaachia waondoke wengi wa waliolileta. Februari 7, 1999, ilipoikaribisha Espérance ya Tunis kugombea Super Cup ya CAF, iliingiza uwanjani watoto wa shule yake ya soka. Tazama umri wa kizazi kile siku ile: Didier Zokora na Aruna Dindane miaka 18, Kolo Touré miaka 17, Gilles Yapi Yapo alikuwa ametimiza 17 wiki moja tu kabla, Siaka Tiéné bado 16. Espérance ilikuja na wanaume wazima, mabingwa wa Kombe la Washindi. Vijana wakashinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza.

Hayo matokeo yasome taratibu. Mechi ikienda muda wa nyongeza, maana yake dakika 90 zimeisha sare. Kwa hiyo mabao yasiyopungua mawili ya ASEC yalipatikana pale ambapo kila mtu alitarajia watoto wakate pumzi na wakubwa wamalizie kazi. Tumezoea kusema vijana wana mbio lakini hawana ukomavu. Siku ile ukomavu uliwajia kutoka chanzo kingine kabisa, na ndicho ninachotaka kukichambua.

Shule yenyewe ilianzishwa mwaka 1994 katika kambi ya klabu iitwayo Sol Béni, huko M'Pouto, kando ya wangwa wa Ébrié jijini Abidjan. Rais wa klabu, Roger Ouégnin, alikuwa na timu iliyokuwa imecheza mechi 108 za ligi bila kupoteza kati ya 1989 na 1994. Hakuwa na shida ya ubingwa wa nyumbani. Alimpa kazi Jean-Marc Guillou, kiungo wa zamani wa Ufaransa aliyekuwa kwenye kikosi cha Kombe la Dunia 1978, ambaye alipokuwa kocha wa Cannes ndiye aliyemchukua Arsène Wenger awe msaidizi wake. Shule ikaitwa MimoSifcom, jina lililounganisha klabu na kampuni iliyoifadhili. Watoto walilala hapohapo, wakasoma hapohapo, wakacheza hapohapo.

Jambo linalosimuliwa zaidi kuhusu Guillou ni kwamba wanafunzi wake walifanya mazoezi peku. Viatu havikugawiwa siku ya kwanza. Mtoto alivifanyia kazi kwa mitihani ya danadana: mguu wa kulia, wa kushoto, paja, kichwa, sehemu ya ndani na ya nje ya mguu, hatua kwa hatua. Kwetu mtu akisikia hivyo hucheka na kusema hata sisi tulicheza chandimu peku, mbona hatukufika Arsenal? Swali hilo ni zuri na linastahili jibu la kiufundi.

Mtoto aliye peku hawezi kuupiga mpira kwa ncha ya kidole, ataumia. Hawezi kuingia kwa nguvu kumkwatua mwenzake, kwa sababu wa kwanza kulia atakuwa yeye. Analazimika kuupokea kwa ubapa wa mguu, kuuondoa mapema kabla mguu wa adui haujamfikia, na kulipita umbo la mpinzani kwa kuyumbisha kiwiliwili. Chandimu inafundisha haya yote pia, lakini inafundisha kwa bahati. Aliyejaliwa hupata, asiyejaliwa hubaki kusukumwa, na mwenye mwili mkubwa hutawala. Sol Béni ilichukua kile kile cha mtaani ikakipa ratiba, mwalimu na kipimo. Mtoto asiyeweza kupiga danadana kwa mguu wa kushoto hakuachiwa ajifiche nyuma ya mguu wa kulia, maana mtihani wa kushoto ulimsubiri. Chandimu ina kila kitu isipokuwa huo mtihani.

Matunda yake yanaonekana mahali ambapo wengi hawatazami, yaani kwenye kubadili namba. Kolo Touré alifika Arsenal mwaka 2002 kwa ada iliyotajwa kuwa paundi 150,000, hana namba maalumu, akachezeshwa huku na kule, na msimu wa 2003-04 akawa beki wa kati wa timu iliyomaliza Ligi Kuu ya Uingereza bila kufungwa. Mdogo wake Yaya tunamkumbuka kama kiungo wa kubomoa ukuta akiwa Manchester City, lakini fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2009 pale Roma aliicheza beki wa kati wa Barcelona. Zokora alikuwa kiungo mkabaji aliyeweza kurudi kwenye ulinzi bila kutetereka. Ukimfundisha mtoto namba, umempa kazi moja. Hawa walifundishwa mpira kwanza, na namba wakazikuta Ulaya.

Hata hivyo, kwa maoni yangu peku si siri kubwa ya siku ile ya Februari. Siri ilikuwa darasa. Wale vijana waliingia pamoja mwaka 1994, wakala sahani moja, wakacheza kila siku kwa karibu miaka mitano. Kisha hawakupandishwa mmoja mmoja. Walipandishwa kwa pamoja.

Fikiria inavyokuwa kwingine. Kijana bora wa kikosi cha pili anapandishwa peke yake. Anakuta wakubwa wana lugha yao uwanjani: nani anakimbilia nafasi gani, nani hapendi pasi ya nyuma, nani akikasirika usimguse. Anacheza kwa woga, anatoa pasi salama, baada ya mechi tatu anarudishwa benchi na watu wanasema hajaiva. Kumbe alichokosa si kuiva. Alikosa wenzake. Kijana wa ASEC alipoupokea mpira mbele ya Espérance hakuhitaji kuinua kichwa kumtafuta Zokora. Alikuwa amempa pasi ile maelfu ya mara. Maelewano ambayo timu za wakubwa huyatafuta kwa misimu miwili, darasa lile liliingia nayo uwanjani tayari. Huo ndio ukomavu ninaousema, na hauji kwa umri.

Ila mlango ulipaswa kufunguliwa kwa makusudi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia Ouégnin. Kama mabingwa wa 1998 wangebaki wote, kocha yeyote mwenye akili timamu angewapanga wao. Vijana wangekaa benchi, na benchi ndiko darasa husambaratika. Kuwaachia mabingwa waondoke ilikuwa sehemu ya mafunzo, sawa na danadana.

Gharama ilikuwepo, na anayesimulia habari hii bila kuitaja anadanganya. Mwaka huohuo wa 1999 ubingwa wa Ivory Coast ulikwenda kwa mahasimu wao, Africa Sports. Jiulize ni rais gani wa klabu ya Kariakoo angevumilia mtani atwae ligi ili watoto wakomae. ASEC ilivumilia. Kuanzia 2000 ikachukua ubingwa mara saba mfululizo, hadi 2006.

Guillou hakukaa kuyaona yote. Yeye na klabu waliachana, na mwaka 2001 akashika usukani wa Beveren, klabu ya Ubelgiji iliyokuwa taabani kifedha. Darasa likamfuata: Yaya Touré, Yapi Yapo, Emmanuel Eboué, Arthur Boka, Romaric, kipa Boubacar Barry aliyeitwa Copa. Zilikuwepo siku ambazo kikosi cha kwanza cha Beveren kilikuwa karibu chote cha Waivory Coast. Mwaka 2004 walifika fainali ya Kombe la Ubelgiji na kufungwa 4-2 na Club Brugge. Ukiitazama kwa jicho la ufundi, Beveren ilikuwa kikosi cha pili kilichojengwa ughaibuni: mahali pa kucheza mechi za kweli dhidi ya wanaume, kila wiki, huku wenzako wa darasani wakiwa pembeni yako. Kwa kijana ilikuwa ngazi. Kwa mji wa Beveren lilikuwa jambo lingine. Wengi walipita njia, na mwaka 2007 timu ikashuka daraja.

Kuna jaribio jingine linalonisaidia kupima hoja yangu. Mwaka 2007 Guillou, pamoja na Arsenal, alifungua shule kama hiyo na klabu ya Hoàng Anh Gia Lai, nyanda za juu za Vietnam. Klabu ikafanya kama ASEC: msimu wa 2015 ikaingiza darasa la kwanza karibu zima kwenye kikosi cha ligi kuu. Mpira ulikuwa mtamu, viwanja vilijaa, na timu ikamaliza nafasi ya 13 kati ya 14. Vijana wale walikuwa na miguu, ila ligi nzima iliwagonga mwili wiki baada ya wiki. ASEC ilikuwa jitu katika ligi yake. Vijana wake wangeweza kupoteza ubingwa bila kupoteza daraja. Darasa likipandishwa zima lazima klabu iwe na kifua cha kulibeba kwa msimu mmoja au miwili, la sivyo watoto watajifunza kuogopa kabla hawajajifunza kushinda. Bado, mwaka 2018 Vietnam ilipofika fainali ya vijana chini ya miaka 23 ya Asia, wanadarasa kadhaa walikuwa humo, akiwemo nahodha Lương Xuân Trường.

Vijana wa kwetu hawapati hata nafasi ya kugongwa hivyo, kwani vikosi vingi vya pili hucheza na vikosi vya pili vya wenzao. Mshambuliaji wa miaka 19 anamfunga beki wa miaka 19 ambaye naye hajawahi kukabwa na mtu mzima. Mabao yanahesabiwa, lakini hayamwambii kocha wa wakubwa chochote anachoweza kukiamini.

Ivory Coast ilipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, mwaka 2006, jina lililopeperushwa lilikuwa la Didier Drogba, aliyepelekwa Ufaransa akiwa na miaka mitano na hakupita Sol Béni. Nyuma yake walisimama wanadarasa, na ushindi pekee wa fainali zile, 3-2 dhidi ya Serbia na Montenegro, ulikuja huku Aruna Dindane akifunga mabao mawili kati ya hayo matatu. Miaka tisa baadaye Drogba alikuwa ameshastaafu timu ya taifa. Fainali ya AFCON jijini Bata, Februari 8, 2015, ilimaliza dakika 120 bila bao, na wapigaji wawili wa mwanzo wa Ivory Coast wakakosa penalti. Yaya Touré akafunga. Kolo Touré akafunga. Ilipofika zamu ya makipa, Copa Barry, aliyedaka kwa sababu kipa namba moja alikuwa majeruhi, aliudaka mkwaju wa mwenzake wa Ghana, akainuka, akauweka mpira kwenye alama na kuupiga wavuni. Ikawa 9-8.