Namba ya Mungu haina msomaji

Mwaka 2010 watu wanne, Tomas Rokicki, Herbert Kociemba, Morley Davidson na John Dethridge, walitangaza kwamba mchemraba wa Rubik, hata uvurugwe vipi, unapangika kwa hatua 20 au pungufu. Namba hiyo inaitwa Namba ya Mungu, na kwa sisi tunaoishi kwa vichwa vya habari, jina tu lilitosha. Makala yao nimeisoma sambamba na kijitabu cha zamani cha David Singmaster, *Notes on Rubik's Magic Cube*. Kimoja kimenifundisha kitu. Kingine kimenipa jibu.

Singmaster alikuwa mwanahisabati wa London. Mchemraba aliukuta Helsinki mwaka 1978 kwenye kongamano la wanahisabati, miaka minne baada ya Ernő Rubik kuubuni kule Budapest. Alichofanya, kwa macho yangu, ni kazi ya mwandishi: alitafuta namna ya kuuandika. Kila uso akaupa herufi moja ya Kiingereza. Nyuma na chini zingegongana kwenye B, basi chini akaipa D na juu ikawa U. (Kwa Kiswahili tungekwama kwenye kulia na kushoto, zote K. Labda tungeandika L na S, mambo yakaenda.) Ni kitu kidogo, lakini ujanja uliokuwa umejificha kwenye vidole vya mtu sasa uliweza kutiwa kwenye bahasha na kutumwa.

Sentensi ninayoipenda humo ina maneno manne tu. Zungusha uso wa kulia robo, kisha wa juu robo. Halafu rudisha wa kulia, rudisha wa juu. Si umetendua ulichotenda? Hapana. Wa mwisho ndio ulipaswa kurudi kwanza. Wewe umetaka kuvua soksi kabla ya kiatu. Nyuso hizo mbili zinachangia vipande vitatu tu, na fujo yote inazaliwa hapo zinapokutana. Kati ya vipande 20 vinavyoweza kuhama, saba vimeguswa, 13 vimetulia. Rudia maneno hayohayo mara sita, kila kimoja kinarudi kwao. Jamani, hiyo ndiyo nadharia ya makundi, na umeishika mkononi.

Sasa makala ya wale wanne. Hali zote za mchemraba ni 43,252,003,274,489,856,000, hakuna mashine ya kuzipitia moja moja. Wakazigawa katika mafungu 2,217,093,120. Wakatumia ulinganifu, maana mchemraba ukiulaza ubavu au ukiutazama kwenye kioo tatizo ni lilelile, wakatupa na mafungu yasiyo ya lazima, wakabaki na 55,882,296. Kazi hiyo ingeila kompyuta moja miaka 35. Google ikatoa mashine nyingi, ikaisha ndani ya wiki chache. Tena hawakutafuta njia fupi kuliko zote. Mwaka 1995 Michael Reid alishaonyesha hali moja isiyopangika chini ya hatua 20: kila kipande kiko mahali pake, ila vyote 12 vya ukingoni vimepinduliwa. Kwa hiyo njia yoyote isiyozidi 20 iliwatosha. Ni werevu wa hali ya juu, na wameueleza bila majigambo.

Lakini uliza kwa nini 20 zinatosha, na jibu ni moja: tumeangalia. Uthibitisho huo unaendeshwa, hausomwi. Siupingi, ni kweli. Ninachokataa ni kuuita kilele cha kuuelewa mchemraba. Sisi tuliopita shule za kukariri tunaijua tofauti hiyo vizuri mno, na vijana wanaokariri hatua kutoka kwenye video wanairudia kila siku.

Singmaster naye ana kasoro zake. Kurasa zimejaa, nyongeza juu ya nyongeza. Mwenye haraka atakitupa. Asiye na haraka afanye hivi: abomoe mchemraba, avirudishe vipande ovyo. Mara 11 kati ya 12 hautapangika kamwe, hata upewe hatua milioni. Kusokota pembe kunazaa kambi tatu zisizofikiana, kupindua kingo mbili, kubadilishana nafasi mbili. Tatu mara mbili mara mbili. Penseli, karatasi, jioni moja.