Mahali Ambapo Daraja Halisogei

Mhandisi anaanza na penseli, kompyuta itasubiri. Anachora mteremko wa bonde, kisha makundi matatu ya nguzo: la mita 6 karibu na ukingo, la mita 9 katikati, la mita 12 bondeni. Kila kundi ni nguzo tatu za duara zenye kipenyo cha mita 1.2, zilizofungwa pamoja juu kwa boriti nene ya zege. Kutoka kundi hadi kundi ni mita 30. Sakafu ya daraja imeshikwa na makundi yote matatu, lakini ncha zake mbili zinateleza bila kizuizi.

Anachotaka kujua ni kimoja: sakafu hiyo ikipata joto la nyuzi 20 zaidi, kila kundi litasukumwa kwa nguvu gani? Zege hutanuka kwa takriban sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi. Anazidisha na kuandika pembeni: milimita 0.2 kwa kila mita. Ni unene wa karatasi mbili tu.

Kisha anageukia ukakamavu. Kwa mwelekeo wa barabara, nguzo imeshikwa kwenye msingi na juu iko huru kuinama. Kanuni yake ni 3EI kugawanya kwa kipeo cha tatu cha urefu, ambapo EI ni uwezo wa nguzo kupinga kuinama. Anapunguza EI kwa nusu, maana zege likishabeba mzigo huingia nyufa ndogondogo. Anapata kilonewtoni 63.6 kwa milimita kwa kundi fupi, 18.8 kwa la kati, na 8.0 kwa refu. Lenye nusu ya urefu lina ukakamavu mara nane.

Hana haraka ya kugawa nguvu. Kwanza anatafuta mahali ambapo sakafu itatulia huku pande zote zikitanuka kutoka hapo. Anazidisha ukakamavu wa kila kundi kwa umbali wake, anajumlisha, anagawa: mita 11.5 kutoka kundi fupi. Kundi kakamavu limelivuta jibu upande wake.

Sasa nguvu zinatoka zenyewe. Kundi fupi linasogea milimita 2.3 tu, lakini linabeba kilonewtoni 147, sawa na uzito wa tani 15. La kati linabeba 70, na refu, lililosogea milimita 9.7, linabeba 77. Anajumlisha 70 na 77, anapata 147. Pande mbili zimelingana, anatia tiki.

Wengi wangeishia hapo. Yeye anajaribu kushusha msingi wa kundi fupi kwa mita 1.5 na kurudia kila hatua. Nguvu inashuka hadi 114, ila nguzo imerefuka, hivyo momenti, yaani athari ya kuinamisha, kwenye msingi wa kila nguzo inatoka kilonewtoni-mita 294 hadi 286 tu. Kuchimba kote huko hakujaleta nafuu ya maana. Anafuta.

Safari hii analiwekea kundi fupi beringi za kuteleza. Kitovu cha utulivu kinahamia karibu mita 39, na makundi mawili yaliyobaki yanasukumana kwa kilonewtoni 34 kila upande. Anaongeza msuguano wa beringi, anaacha nafasi ya sakafu kuteleza milimita 8, kisha anageuza nyuzi 20 kuwa hasi na kuanza upya, kwa ajili ya majira ya baridi.