Mstari Uliolijua Jabali

Katika mji wa Mwanza, ambao nyumba zake nyingi zimekwea vilima na kujibana katikati ya majabali yanayotazama Ziwa Victoria, kuchora njia za mabomba ya maji na za kondiuti, yaani mirija inayohifadhi nyaya za umeme, kulikuwa ufundi uliodai macho, mkono na subira kwa pamoja.

Mchoraji wa zamani aliitandaza karatasi angavu juu ya ramani ya nyumba, akaanza na choo na jiko, kwa kuwa majitaka hayapandi mlima. Bomba la inchi 4 lilitakiwa lishuke takribani mita 1 katika kila mita 40, hivyo mita 12 kutoka chooni hadi kwenye chemba, yaani shimo lenye mfuniko linalotumika kukagulia na kuzibulia bomba, zilikula kina cha sentimita 30. Na sentimita 30 ndani ya jabali la maeneo ya Isamilo au Mabatini mjini humo ni kazi ya tindo na nyundo inayoweza kummaliza kibarua. Kwa sababu hiyo mstari wake ulilizunguka jiwe hata pale njia ya mkato ilipomvutia. Upande wa umeme, kila baada ya kona mbili za mraba aliweka boksi, ili fundi atakayekuja kuvuta waya asihangaike. Alipokosea, aliukwangua wino kwa wembe, polepole, asije akaitoboa karatasi. Na kwa kuwa kufuta kulikuwa kugumu, alifikiri kwanza ndipo akachora.

Siku hizi kazi hiyo hukabidhiwa programu ya kompyuta. Msingi wake mmojawapo ni mbinu aliyoichapisha mtafiti C. Y. Lee mwaka 1961, ambayo hugawa mchoro katika vyumba vidogo vya mraba, kisha huhesabu hatua kutoka mwanzo wa njia, zikienea pande zote kama viwimbi vya jiwe lililotupwa ziwani, na kukwepa kila chumba kilichozibwa, mpaka zifike mwisho. Hapo programu hurudi nyuma kwa kufuata hesabu zinazopungua na kuipata njia fupi kuliko zote. Mbinu hiyo ni ya werevu usiopingika, na inaokoa saa nyingi za kuinama mezani.

Hata hivyo, programu hukwepa kile tu ilichoambiwa kipo. Kuta na nguzo zimo katika mchoro, lakini jabali lililofukiwa chini ya udongo halimo, mpaka apatikane mtu wa kupanda kilima na kulipima. Anapokosekana, mstari ulionyooka kwenye kioo hukutana na jiwe siku ya kuchimba mtaro, mafundi wakalazimika kulipitisha bomba juu kwa juu, likipigwa na jua na kukanyagwa na wapita njia, huku mchoro ukiachwa bila kusahihishwa, ukimdanganya kila atakayekuja kukarabati.

Lawama hiyo haiiangukii mashine, kwa kuwa nayo inaweza kupewa gharama ya jiwe na ikaizingatia kwa uaminifu. Inawaangukia wanaolipia mchoro na kukataa kulipia safari ya kwenda kukiona kiwanja, na ambao, kwa kubana matumizi hayo madogo, wanauacha ufundi wa kuijua ardhi ufe pamoja na wazee walioumudu.