Tochi Inayopata Joto

Alfajiri kwenye mialo ya Ziwa Victoria, mnunuzi wa samaki hataji bei kabla ya kufunua shavu la sangara. Analiinua kwa kidole gumba, anamulika, anatazama matamvua. Yakiwa mekundu, samaki ni wa usiku uleule. Yakielekea kijivu, bei inashuka. Sasa, kwa tochi nyingi za bei nafuu zinazouzwa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hata sangara aliyetoka majini muda huohuo huonekana amepauka. Samaki hana kosa, na macho ya mnunuzi ni mazima. Tatizo liko kwenye kile kidoa cha njano katikati ya tochi, kidogo kuliko punje ya mahindi, na wapo mafundi wanaojua kukibadilisha.

Kidoa hicho ni chipu ya LED. Chenyewe hutoa mwanga wa buluu, na juu yake hupakwa dawa ya njano. Rangi hizo mbili zikichanganyika, jicho huona nyeupe. Buluu hiyo ilisumbua wanasayansi kwa muda mrefu. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu mwaka 1962 nchini Marekani, lakini ya buluu yenye nguvu ya kutosha ilisubiri hadi miaka ya 1990, na ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwaka 1996 kampuni ya Nichia ya Japani iliingiza sokoni LED nyeupe, na dunia ikaanza kuziaga balbu za uzi.

Ila weupe una daraja. Dawa ya bei rahisi hutoa njano nyingi na wekundu kidogo sana. Kwa kipimo cha uhalisi wa rangi, ambacho kilele chake ni 100, chipu za kawaida huwa kwenye 70 hivi. Zilizotengenezwa kwa uangalifu huvuka 90. Hizo pointi 20 ndizo wekundu wa matamvua, damu kwenye jeraha, na tofauti kati ya jani kavu la mgomba na nyoka aliyejikunja juu yake.

Fundi anayefanya kazi hii hahitaji karakana. Anahitaji meza isiyotikisika, kichomeo, waya wa risasi, kibano chenye ncha nyembamba, mita ya kupimia umeme, na macho yasiyo na haraka. Anafungua shingo ya tochi, anatoa kioo na kikombe cha kuakisi mwanga, anafikia kisahani cha alumini ambacho chipu imekaa juu yake. Kabla ya kung'oa chochote hupima chanya na hasi, kwa sababu chipu iliyogeuzwa haiwaki, na mwenye tochi akirudi nyumbani na giza lake hatarudi tena kwa fundi huyo.

Halafu linakuja jambo tamu kuliko yote katika ufundi huu. Chini ya chipu ya kisasa kuna sehemu tatu: mbili za umeme na moja pana katikati, ya kupitishia joto. Fundi huzipaka risasi nyembamba, huiweka chipu kwa kibano, kisha hupasha kisahani kutokea chini. Risasi ya bati na plumbi inapofika nyuzi 183 za Selsiasi huyeyuka, na hapo chipu hutikisika kidogo, hujivuta yenyewe, hukaa katikati sawasawa. Ukiisukuma upande kwa ncha ya kibano, inarudi mahali pake. Ni mvutano wa risasi iliyoyeyuka unaofanya hivyo. Fundi mzuri huisukuma mara moja tu kuthibitisha, kisha huondoa moto na kungoja. Haigusi kuba laini iliyo juu ya chipu, maana alama ya ncha hapo haifutiki.

Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Bado. LED haipendi joto lake lenyewe. Balbu ya uzi ililazimika kuwaka moto ili itoe mwanga; chipu ikipata joto kupita kiasi hufifia, dawa yake hubadilika rangi, na maisha yake hufupika. Ndiyo maana chini ya kisahani hupakwa grisi ya joto, nyembamba mno, ya kujaza tu mianya isiyoonekana kwa macho. Anayeipaka kama siagi kwenye mkate anaweka kizuizi pale alipotaka kufungua njia.

Mteja akishapewa tochi yake huishika na kusema inapata moto, ina kasoro. Hapo fundi anayejua kazi hufurahi. Tochi yenye mwanga mkali na mwili uliopoa ndiyo ya kutilia shaka: joto limekwama ndani, linaila chipu. Mwili ukipata uvuguvugu, njia iko wazi. Kwa tochi za plastiki, ambazo hazina pa kupitishia joto, kipande cha alumini kilichokatwa kwenye sufuria chakavu husaidia, lakini ni lazima umeme nao upunguzwe. Kidhibiti kimoja cha umeme aina ya AMC7135 hupitisha miliampea 350, na kiasi hicho kinatosha chipu nzuri kutoa zaidi ya lumeni 100. Kuongeza vidhibiti bila kuongeza njia ya joto ni kumdanganya mteja kwa mwanga wa wiki moja.

Ujuzi wa kuongoza joto si mgeni Kagera. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu wafua chuma wa Buhaya, ambao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita walitengeneza chuma cha pua kwa matanuru yenye mirija ya udongo iliyoingizwa ndani, ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kuufikia moto. Wazee wa Kihaya walijenga tanuru la namna hiyo katika miaka ya 1970, na watafiti wakaona linavyofanya kazi. Wale walilikusanya joto, huyu wa tochi analitoa. Wote walilazimika kujua linapita wapi bila kuliona.

Na kama ilivyo kwa kila ufundi, swali la kwanza ni la kazi: tochi hii ni ya nini? Mvuvi wa dagaa wa visiwa vya Bumbire au Goziba, ambako LED juu ya maboya zimechukua nafasi ya karabai katika usiku usio na mwezi, hajali sana rangi. Anataka mwanga wa kudumu hadi asubuhi na mpira wa shingoni usiopitisha maji. Mlinzi wa ghala la kahawa anataka chipu ndogo na kikombe kirefu, mwanga ufike mbali. Msimu wa senene ukifika, Novemba na Desemba, anayeokota kwenye nyasi anahitaji chipu pana na kikombe chenye vipele, mwanga utandae miguuni bila kuumiza macho. Na mnunuzi wa samaki, kama muuguzi wa zahanati ya kisiwani, anahitaji ile chipu ya 90.

Haya yote yanafundishika. Vyuo vya ufundi vya VETA vinavyofundisha umeme vingeweza kuliingiza somo hili kwa gharama ya tochi chakavu chache, na kijana wa Kamachumu au Rwamishenye angetoka na ujuzi unaolipa. Nawe uliye na tochi ya chuma iliyofifia kwenye droo ya chini, usiitupe. Mpelekee fundi, mweleze unaitumia wapi na saa ngapi, kisha mlipe bei ya chipu nzuri badala ya kumbembeleza aweke ya rahisi.